Kabla Hujaizima, Soma Ramani

Nyie vijana wa kompyuta mna dawa moja tu ya kila ugonjwa: zima, washa. Printa imegoma, zima, washa. Seva inajivuta, zima, washa. Nina hakika mkikabidhiwa mgonjwa mahututi mtaanza kumpapasa mgongoni mkitafuta swichi. Na mashine ikiamka salama mnajipiga kifua kwamba mmeitengeneza, wakati hamjui iliugua nini wala imepona nini.

Mie nimestaafu. Nakaa Pugu, nafuga kuku, na hata kuku wangu wakisikia kishindo hugeuza shingo kwanza waangalie ndipo wakimbie. Nyie mnakimbia kwanza. Nimefanya ufundi wa seva Kiwalani, Temeke na Mbagala mpaka macho yakachoka, na cheti sina hata kimoja cha kutundika. Niliacha shule kidato cha pili, mwaka tuliomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Nyuma yangu walibaki wadogo watatu, na wa mwisho, Festo, alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Siyasemi haya mnionee huruma. Huruma zenu wekeni, zitawafaa siku mtakapopoteza data za watu. Nayasema kwa sababu Festo yumo katika habari hii, na bila kumjua yeye hamtajua mie nilikuwa mjinga kiasi gani.

Kazi yenyewe niliingia kwa ufagio. Kiwalani, si mbali na uwanja wa ndege, palikuwa na ofisi ya kutengeneza kompyuta, nami nilikuwa msafishaji. Fundi mkuu alikuwa Mzee Haule, Mngoni wa Songea, mtu mrefu, mkimya, mwenye ulimi mkali siku alipoamua kuutumia. Asubuhi moja alinikuta nimesimama na kitambaa mbele ya skrini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, unafuta vumbi au unasoma?"

"Nafuta, mzee."

"Skrini moja, robo saa nzima? Hilo vumbi limeota mizizi?"

Nikakunja kitambaa. Akavuta droo, akatoa kaunta buku, lile daftari gumu la wenye maduka, akanitupia. "Basi wewe unayefuta kwa macho, nakili yote yaliyopo hapo. Kwa mkono. Ukikosea herufi moja, anza upya."

Nilichonakili siku ile ni ramani ya memori ya prosesi. Ngoja niwaeleze, maana najua mnatikisa kichwa tu kama wanaokubali mahubiri wasiyoyasikia.

Programu ikiwa imelala kwenye diski ni maandishi tu. Ukiiamsha ikaanza kazi inaitwa prosesi, na prosesi hupewa memori yake. Memori hiyo si gunia moja la kutumbukizia kila kitu. Imegawanywa maeneo. Kuna eneo la maagizo yenyewe. Kuna eneo la vitu ambavyo programu inavihifadhi inapofanya kazi. Kuna eneo la shughuli za papo kwa papo, linalopanda na kushuka. Kuna maeneo ya maktaba ilizoziazima. Na kuna maeneo ambayo kwa kweli ni faili la kwenye diski, limetandazwa ndani ya memori ili programu ilisome na kuliandika palepale. Kati ya eneo na eneo kunaweza kuwa na mapengo makubwa, viwanja visivyo na nyumba; ukigonga huko hakuna wa kuitika. Mfumo wenyewe utakuonyesha yote hayo ukiuliza kwa adabu, mstari mmoja kwa kila eneo. Sie tuliiita ramani.

Mstari huanza kwa namba mbili, mahali eneo linapoanzia na linapoishia, namba zile zilizochanganywa na herufi a mpaka f. Kisha zinafuata herufi nne. Ya kwanza ni r, kwamba eneo linasomeka. Ya pili w, linaandikika. Ya tatu x, kwamba kilichomo kinaweza kutiiwa kama amri. Ya nne ni p au s: p ni la prosesi hiyo peke yake, s ni la kushirikiana, unachoandika humo kinafika hadi kwenye faili na wengine wanakiona. Penye kistari badala ya herufi, ruhusa hiyo haipo. Mwisho wa mstari lipo jina la faili eneo lilikotoka, kama lilitoka kwenye faili. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote niliyowazidi nayo maisha yangu yote, na inaenea kwenye kiganja.

Niliuliza kwa nini ruhusa zitenganishwe, kwa nini eneo lisipewe zote tatu tukapumzika. Mzee Haule alikuwa amepanga chumba Kiwalani hapohapo, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja.

"Ukumbini kwetu," akasema, "mwenye nyumba kabandika zamu za kufagia uani. Kila mpangaji anasoma, kila mpangaji anatii, hakuna anayeandika. Chumbani kwangu naandika nitakacho, lakini hakuna wa kunitii. Sasa mpe kila mpangaji kalamu aandike kwenye karatasi ileile inayotiiwa. Nini kitatokea?"

"Kila mtu atajifuta jina."

"Na atakayebaki kwenye orodha ni nani?"

"Aliyelala."

"Aliyelala atafagia uwanja mpaka kiama. Eneo linaloandikika lisitiiwe. Linalotiiwa lisiandikike. Ukikuta yote mawili mahali pamoja, uliza nani kaingia."

Miaka mingi baadaye, katika ofisi moja ya Temeke, niliwakuta mafundi watatu wenye tai wamebadilisha nywila ya seva mara tatu, na bado usiku na mchana ilikuwa inatuma vitu ambavyo hakuna aliyeiagiza kuvituma. Niliomba kiti, nikafungua kaunta buku, nikaanza kunakili ramani. Mmoja akacheka: "Bi mkubwa anaandika insha." Mstari wa arobaini na kitu nikakuta eneo lenye r, w na x kwa pamoja, halina jina la faili lolote. Mtu alikuwa ameandika amri zake ndani ya programu iliyo hai, na programu ikawa inamtii. Zipo programu halali zinazojiandikia amri zikiwa kazini, kwa hiyo msije mkapiga yowe kila mkiona herufi tatu zimekaa pamoja. Lakini ulizeni. Wale wenye tai hawakuwa na la kuuliza, maana hawakuwa wamesoma. Nywila walikuwa wanambadilishia mtu ambaye tayari amekaa sebuleni anakunywa chai.

Msidhani nilizaliwa nayajua. Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya aibu kuliko yenu. Kulikuwa na ghala la mizigo ambalo kompyuta yake tulikuwa tukiihudumia. Siku Mzee Haule hayupo, waliita kwamba programu ya kuorodhesha mizigo imekwama. Nikaenda, nikiwa nimeanza kujiona fundi. Sikunakili ramani, sikuuliza, nikaiua prosesi na kuiwasha upya. Iliamka nyepesi kama mtoto aliyetoka kulala. Nyepesi kwa sababu mizigo yote ya siku ile ilikuwa kwenye memori tu, bado haijafika kwenye diski, na mie niliimwaga.

Mzee Haule aliporudi hakupiga kelele. Alisema: "Walioibeba mizigo wapo. Nenda kawaulize."

Siku tatu nilizunguka na kaunta buku kwa makuli. "Kaka, juzi ulibeba nini?" Mmoja ananiambia, "Boksi moja lilinivunja mgongo, jingine lilinuka dagaa." Mwingine, "Dada'ngu, mie nakumbuka nilipolipitisha, silikumbuki lenyewe." Niliandika hivyo hivyo: moja la kuvunja mgongo, moja la dagaa. Tulipolinganisha na maboksi yaliyokuwa ghalani, orodha ikarudi, isipokuwa maboksi mawili ambayo mpaka leo sijui yalikuwa ya nani. Tangu siku hiyo sikuwahi kuigusa prosesi kabla ya kuinakili. Wenzangu walinicheka mpaka wakazoea. Kamera za simu zilipokuja wakasema sasa tupige picha tu. Pigeni. Picha mnapiga bila kusoma. Mkono hauwezi kuandika namba bila jicho kuipitia.

Sasa nije Mbagala.

Palikuwa na zahanati moja niliyokuwa nikiihudumia tangu kompyuta yao ya kwanza. Msimamizi alikuwa Sista Tekla, mtawa na muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha trekta. Zahanati ilikuwa na daftari la watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: kila mtoto, kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru, mara alizoongezwa damu na yaliyompata. Zamani lilikuwa kwenye kadi, lakini masika moja maji yaliingia stoo, kadi zikawa uji. Likabaki la kwenye seva. Fundi wa pale kila siku alikuwa Festo. Ndiyo, Festo wangu. Nilimsomesha mpaka digrii, akaning'iniza picha ya mahafali ukutani kwangu, nami ndiye niliyemwombea kazi kwa Sista.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwenda kubadilisha feni ya seva. Nikamkuta Festo ameinama mezani, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, Dada. Afadhali umekuja. Diski imejaa, programu imeganda. Nimefuta mafaili ya zamani, nafasi hairudi! Nafuta, hairudi. Nazima nawasha, dakika mbili tu itakuwa sawa."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Dada, dakika mbili…"

"Festo, toa mkono hapo kabla sijautoa mie."

Akautoa. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili halimo kwenye video zenu. Ukifuta faili na nafasi isirudi, seva haikuibii. Inakuambia jambo. Inakuambia kwamba ipo prosesi hai ambayo bado imelishika faili lile. Jina limefutwa kwenye folda, lakini mwili haujazikwa. Utazikwa prosesi ikifa. Na kuzima na kuwasha ni kuziua prosesi zote kwa mpigo. Festo alisema kweli kabisa: angewasha, nafasi ingerudi yote, na seva ingekuwa nyepesi kama ile ya ghalani kwangu.

"Umefuta nini?"

"Ya zamani tu. Yenye majina ya miaka ya nyuma."

 Sista Tekla alikuwa ameagiza daftari la selimundu lipewe jina kama wauguzi wanavyoyaita madaftari yao: kwa mwaka lilipofunguliwa. Lilifunguliwa miaka mingi nyuma na lilikuwa linaandikwa kila siku. Mhitimu wangu wa chuo kikuu aliona mwaka wa zamani, akaona takataka.

Kabla sijamjibu, Sista Tekla akasimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa Mama Salma, mwanamke wa Newala anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na zahanati, amembeba binti yake. Salma alikuwa na miaka minane na midomo imepauka kama karatasi. Wote tulimjua.

"Festo, nichapie maandishi ya Salma haraka. Damu imeshuka sana, gari liko nje linampeleka hospitali kubwa. Wataongeza damu leo."

Festo akaitazama skrini iliyoganda. Nikauliza mie: "Sista, hospitali si watampima wenyewe?"

"Watampima. Lakini mara ile alipoongezwa alidhurika, nusura tumpoteze. Mwili wake uliikataa damu ya aina fulani. Kipimo cha leo kinaweza kisionyeshe, mwili ukisahau. Ukiipata tena damu ile, unakumbuka. Ndiyo maana tuliandika. Wakiwa na maandishi yetu watajua watafute ipi."

"Mie waliniambia," Mama Salma akasema, "iko damu haipatani na mwanangu. Jina lake lina herufi za Kizungu. Nisameheni, sikulishika."

"Nakala ipo," Festo akadakia. "Nakala hufanyika kila Jumapili."

"Inakaa wapi?"

Akaionyesha seva ileile. Nakala zilikuwa zinawekwa kwenye diski ileile. Diski ilikuwa imejaa wiki nyingi, kwa hiyo mafaili ya nakala yalikuwapo, yana majina mazuri, na ndani hayana kitu. Mtu anayeweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ileile anayoifunga ninalo jina la kumwita, lakini Sista alikuwapo, nikalimeza.

Na hapo ndipo taa zikazimika. Umeme wa luku, wa kulipia kabla, umeisha. Betri ya seva ikaanza kulia tii, tii, tii.

"Sista," nikasema, "nunua umeme kwa simu, mtu aingize namba. Festo, washa laptopu yako, chomeka flashi kwenye seva. Mie naandika."

Nikakaa, nikaomba ramani ya prosesi ya daftari, nikafungua kaunta buku. Festo akanitazama kama aliyeona mzuka.

"Dada, betri inalia, nawe unaandika kwa mkono?"

"Soma mstari mmoja mmoja. Kwa sauti. Unajua kusoma?"

Akasoma. Mistari ya maagizo, r-xp. Mistari ya maktaba. Mstari wa vitu vya papo kwa papo. Mpaka akasita. "Huu una rw-s. Na jina la daftari. Lakini mwisho wameandika kwamba limefutwa."

"Ndilo hilo. Herufi ya mwisho inakuambia nini?"

"La kushirikiana."

"Kwa hiyo lililomo humo ndilo faili lenyewe, pamoja na kila kilichoandikwa leo asubuhi. Lipo, Festo. Limekaa kwenye memori linakusubiri ulizime."

Akavuta kiti karibu.

Kwanza niliisimamisha prosesi. Sikuiua, nimesema niliisimamisha. Ipo amri ya kuigandisha prosesi ibaki na kila kitu chake mkononi, isiandike wakati wewe unasoma. Mnaoijua nyoosheni mkono. Nilijua tu. Pili, nilihakikisha naandika kwenye flashi, si kwenye diski ileile ambayo mwili wa faili umo. Tatu, memori ya prosesi ya mwenzio haisomwi na kila mpita njia. Lazima uwe na mamlaka ya mwenye mfumo, na nywila hiyo nilikuwa nayo mie peke yangu. Ukiambiwa kompyuta ina ubaguzi, ndiyo, inao, na kwa sababu hiyo watu wanalala.

"Nitajie mwanzo na mwisho, niingize," nikamwambia, nikamsukumia kaunta buku.

Nje kwenye veranda Mama Salma alikuwa anamsomea mlinzi namba za luku zilizoingia kwenye simu ya Sista, tarakimu ishirini, mlinzi anabonyeza mita. Kwa hiyo masikioni mwangu zikaingia kwa pamoja: "Saba, f, tatu, nne…" ya Festo, na "Nne, nne, sita, moja…" ya veranda, na "Rudia, mama, nimepotea!" ya mlinzi, na tii, tii, tii ya betri.

Niliingiza amri. Ikasoma, ikasoma, kisha ikakataa: hitilafu ya kusoma.

"Imekufa," Festo akanong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa maji, mwanamume mwenye ndevu. "Dada, nimemuua mtoto wa watu."

"Hujaua mtu. Umesoma vibaya. Nipe kaunta buku." Nikaweka kidole kwenye mstari niliouandika kwa mkono, nikalinganisha na alichonitajia. Namba ya mwisho alikuwa amekosea tarakimu moja, amri ikavuka mpaka wa eneo, ikaingia kwenye kiwanja kisicho na nyumba. "Tazama. Hapa linaishia. Hapo ulipotaja wewe hakai mtu."

Nikaingiza upya. Tii, tii, tii. Verandani mlinzi akapiga kelele, "Imekubali!" na taa zikawaka kabla amri yangu haijamaliza. Ikamaliza nayo.

Sikushangilia. Faili lililonakiliwa halijapona mpaka ulifungue mahali pengine. Nililifungua kwenye laptopu, nikatafuta jina. Salma akatokea, na mstari wake wote, na ile damu isiyopatana naye, kwa herufi za Kizungu. Sista hakungoja printa. Alichukua kalamu, akaandika kwenye barua ya rufaa, akaisoma mara mbili dhidi ya skrini, akapiga mhuri. Gari likaondoka.

 Sista Tekla akarudi, akafunga mlango, akasimama na mikono kiunoni.

"Sasa. Nani kafuta?"

Niwaambie kitu. Festo alipokuwa darasa la tatu alivunja dirisha la shule, nikaenda nikasema ni mie niliyerusha jiwe, mie ambaye hata shule nilishaacha. Alipopoteza vitabu vya watu, niliwajibu mie. Mtoto asiye na mama atajibiwa na nani? Siku ile nilikuwa na jibu tayari mdomoni: Sista, ni hitilafu ya mfumo. Nani angebisha? Nikauma meno. Nikatazama kaunta buku.

Betri ilikuwa imenyamaza. Nilihesabu mapanga ya feni mpya niliyokuwa sijaifunga.

"Ni mimi, Sista," Festo akasema. "Nilifuta bila kujua ni nini."

"Na kompyuta ilikukubalia tu?"

Swali hilo ndilo ambalo msomi wangu hakujiuliza, na hata nyie hamjajiuliza mpaka hapa. Ruhusa ya kufuta faili haimo kwenye faili lenyewe. Unaweza kulifunga faili kufuli saba. Mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda iliyolibeba atalifuta huku unamwona. Nikaiuliza seva ruhusa za folda ile. Zilikuwa wazi zote. Kila mtumiaji asome, aandike, atekeleze. Kwa namba za mafundi, saba, saba, saba, ujinga uleule ninaowatukania kila nikiwaona.

Na aliyeifungua nilimjua. Festo alipoanza kazi pale alikuwa ananipigia mara tatu kwa siku. "Dada, inanikatalia." "Dada, imeninyima tena." Mie niko Temeke juu ya ngazi, mikono miwili imeshika waya. Siku moja nikachoka, nikaingia kwa mbali, nikaifungua yote. Sikumwuliza anataka kuandika nini. Tangu mama afe, mtoto yule sikuwahi kumnyima kitu kilichokuwa mkononi mwangu, nami niliita mapenzi. Mzee Haule angeniambia jina lake la kweli: nilimpa mpangaji kalamu, nikaondoka.

"Mlango nilimwachia mimi, Sista," nikasema. "Yeye kafuta. Mie nilimpa uwezo wa kufuta asichokijua."

Sista Tekla akatutazama wote wawili, dada na mdogo wake. "Basi ufungeni," akasema. "Wote wawili. Mbele yangu."

Tukaufunga. Festo akabakiwa na ruhusa ya kusoma folda ile, basi. Nakala tukazihamishia diski nyingine, iliyo jengo jingine. Daftari tukalirudisha kwenye seva, likapewa jina la kazi yake, si la mwaka. Feni nikaifunga mwisho, baada ya kuizima seva kwa utaratibu, kila kitu kikiwa kimeandikwa. Ndiyo, nilizima. Kuzima si dhambi. Dhambi ni kuzima kabla ya kujua unaua nini.

Salma alirudi wiki iliyofuata amepanda mgongoni mwa mama yake, anakula muhogo. Alinipungia mkono wenye mafuta. Hakujua lolote, na ndivyo inavyotakiwa.

Nilipostaafu Festo alitegemea nimwachie nywila ya mfumo. Niliona jinsi alivyokaa siku ya kuagana, amevaa koti, kama bwana harusi. Nywila niliitia kwenye bahasha nikampa Sista Tekla. Festo nilimpa kaunta buku, zote kumi na moja, zimefungwa kwa kamba ya katani. Alikunja uso. Mwache akunje.

Siku hizi akitaka kuandika kwenye folda ile, anamwendea Sista, na Sista humwambia anipigie mie huku Pugu kwanza. Jana tu simu imeita nikiwa bandani kwa kuku. "Dada, shikamoo. Nataka kubadilisha programu ya daftari. Mwambie Sista anipe ruhusa."

"Marahaba. Ramani umenakili?"

"Nimepiga picha."

Nikakata simu. Baada ya saa moja ikaita tena.

"Nimenakili, Dada. Kwa mkono."

"Nisomee," nikamwambia, nikavuta ndoo nikaikalia. Akasoma mstari wa kwanza.